Sukari Isiyotoka Mezani

Tarehe 13 Oktoba 1968, jijini Mexico, Naftali Temu alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia katika mita za mwisho za mbio za mita 10,000, na Kenya ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Temu alitumia dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alifika chini ya sekunde moja baadaye, naye Mohammed Gammoudi wa Tunisia akawa wa tatu. Ron Clarke wa Australia, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya masafa hayo, alimaliza wa sita, akaanguka na kuwekewa oksijeni. Kipchoge Keino, aliyekimbia huku akiumwa na kibofu cha nyongo, hakumaliza.

Jiji la Mexico liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi haikumhurumia yeyote. Muda wa Temu ulizidi rekodi ya Clarke ya 1965 kwa dakika moja na sekunde 48 hivi. Wapenzi wa riadha hueleza ushindi ule kwa mapafu na damu ya watu wa nyanda za juu, na maelezo hayo yana msingi. Ila kuna kiungo kingine kinachofanya kazi kubwa katika mbio kama zile na hakitajwi: ini. Mkimbiaji anapoongeza kasi, ini lake humwaga sukari katika damu mara kadhaa zaidi ya linavyofanya akiwa ameketi. Halifanyi hivyo kwa sababu amekula. Linafanya hivyo kwa sababu ubongo umeliagiza.

Gusii, eneo alikotoka Temu magharibi mwa Kenya, ilianza kutoa wakimbiaji wa kimataifa hata kabla ya uhuru. Nyandika Maiyoro alikuwa wa nne katika maili tatu huko Vancouver mwaka 1954, na Arere Anentia akaleta shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958. Baada ya Temu, Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko waliungana na Julius Sang, wakashinda dhahabu ya mita 400 mara nne kwa kupokezana vijiti mjini Munich mwaka 1972. Yobes Ondieki akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Tokyo mwaka 1991, kisha tarehe 10 Julai 1993, mjini Oslo, akawa binadamu wa kwanza kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27, kwa muda wa 26:58.38. Katika orodha hiyo wamo wakimbiaji wa sekunde 45 na wakimbiaji wa nusu saa. Miili yao hutumia sukari kwa njia mbili tofauti, lakini amri inayolifungua ini ni ileile, na ndiyo hiyohiyo inayopandisha namba kwenye kipimo cha mgonjwa wa kisukari ambaye hajala kitu tangu jana jioni.

Hesabu ya akiba

Damu yote ya mtu mzima aliyeamka asubuhi bila kula hubeba gramu nne au tano hivi za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Ubongo, ambao ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia takriban gramu 120 kwa siku, sawa na gramu tano kila saa. Kama damu isingeongezewa kitu, ubongo peke yake ungeimaliza sukari hiyo katika muda wa saa moja. Haimaliziki kwa sababu ini huongeza glukosi mchana na usiku, gramu nane hivi kwa saa kwa mtu wa kilo 70 aliyetulia.

Akiba hiyo huwekwa wakati wa kula. Mtu akishakula ugali wa wimbi kwa mboga ya chinsaga, au ndizi za kupika, glukosi inayofyonzwa utumboni hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kufika kwingine mwilini. Sehemu yake huunganishwa kuwa glikojeni, mnyororo wa glukosi wenye matawi mengi. Ini lililoshiba huwa na gramu 100 hivi za glikojeni. Misuli huweka zaidi, gramu 400 hivi, lakini seli zake hazina kimeng'enya cha mwisho kinachoiachilia glukosi itoke nje. Ghala la misuli ni la mwenye shamba asiyekopesha jirani. Ghala la ini ni la kijiji kizima. Akiba ikipungua, ini hutengeneza glukosi mpya kutokana na lakteti ya misuli, gliseroli ya mafuta na asidi amino za protini. Baada ya usiku mzima bila mlo, glikojeni na glukosi hii mpya huchangia karibu nusu kwa nusu.

Mchumaji wa chai anayeanza kazi saa kumi na mbili asubuhi kwenye miinuko ya Kiogoro, wadi iliyomo katika eneo bunge la Nyaribari Chache huko Kisii, akiwa hajatia kitu mdomoni, huendeshwa na hesabu hiyo. Majani anayochuma, kilima anachopanda na mazungumzo yake na wenzake vyote hugharimiwa kwa sukari ambayo ini limeikadiria na kuitoa. Kama makadirio yangekosewa kwa kiasi kikubwa, angeanza kutetemeka kabla kikapu hakijajaa nusu. Kwa mtu mwenye afya hayakosewi, kwa maana ubongo hupata habari za sukari kila wakati na kurekebisha amri zake.

Sindano ya Claude Bernard

Hadi katikati ya karne ya 19 wataalamu waliamini kwamba wanyama hawawezi kutengeneza sukari na kwamba yote huipata kutoka kwa mimea. Mwaka 1848 Claude Bernard, mwanafiziolojia wa Ufaransa, alimlisha mbwa nyama tupu, kisha akapima damu inayotoka katika ini lake. Ilikuwa na sukari nyingi. Mwaka uliofuata alifanya jaribio lililozua mjadala kwa miaka mingi. Alichoma kwa sindano sakafu ya ventrikali ya nne, uwazi mdogo uliomo nyuma ya shina la ubongo, kwa sungura, na muda si mrefu sukari ikaonekana katika mkojo. Sungura hakuongezewa chakula. Jeraha dogo ubongoni lilikuwa limelifungua ini lililo mbali tumboni.

Bernard alifuatilia njia ya amri hiyo. Alipokata neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni kupitia shingoni hadi tumboni, sindano iliendelea kuleta sukari. Alipokatiza njia ya uti wa mgongo inayokwenda kwenye neva za tumbo, sindano haikuleta kitu. Mwaka 1857 alifanikiwa kuitenga glikojeni yenyewe. Si maelezo yake yote yaliyodumu, lakini msingi umebaki: kiwango cha sukari katika damu hakiamuliwi na tumbo peke yake, bali ubongo una mkono wake ndani ya ini.

Kazi za baadaye zimeichora njia hiyo kwa undani. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Katika miaka ya 1960 watafiti wa India na wa Japani waligundua humo seli za neva zinazobadilisha mwendo wa ishara zao glukosi inapopanda au kushuka. Kutoka hapo amri hushuka hadi uti wa mgongo, hutoka katikati ya pingili za kifua, hupita kwenye fundo kubwa la neva lililo nyuma ya tumbo, kisha hufuatana na ateri ya ini hadi ndani. Kwa binadamu nyuzi hizo hupenya mpaka katikati ya seli za ini. Mwishoni mwake hutolewa noradrenalini. Kalsiamu huongezeka ndani ya seli, kimeng'enya fosforilesi huamka, na glukosi huanza kukatwa kipande kimoja kimoja kutoka kwenye matawi ya glikojeni.

Kimeng'enya hicho ndicho kilichofanyiwa kazi na Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Mwaka 1965 Takashi Shimazu wa Japani alionyesha kwamba ukisisimua neva za tumbo za sungura kwa umeme, vimeng'enya vya kuvunja glikojeni katika ini huongeza kasi. Kazi zake zilizofuata zilithibitisha kuwa itikio la neva ni la haraka sana, nusu dakika hivi, kabla homoni yoyote haijazunguka mwilini na kufanya kazi kamili.

Neva za ini si njia pekee. Amri ileile ya mfumo wa simpathetiki hufika kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo hutoa adrenalini. Hufika pia kwenye kongosho, ambako huizuia insulini na kuichochea glukagoni, homoni inayoliambia ini litoe sukari. Ubongo, basi, hulishika ini kwa mikono mitatu: neva zinazoligusa moja kwa moja, adrenalini inayokuja na damu, na mabadiliko ya insulini na glukagoni yanayoanzia kongosho. Earl Sutherland, aliyechunguza vipande vya ini ili kujua adrenalini na glukagoni hupitishaje ujumbe wao ndani ya seli, alipewa Nobel mwaka 1971 kwa kazi hiyo.

Upande wa pili kuna vagasi. Wakati wa kula na kupumzika, neva hii husaidia insulini kutoka na ini kuweka akiba. Kazi yake nyingine ni kupeleka habari juu. Akira Niijima, naye wa Japani, alirekodi nyuzi za vagasi zinazotoka kwenye ini na kuona kwamba ishara zao hupungua sukari inapoongezeka katika mshipa unaoleta damu kutoka utumboni. Ubongo hupokea taarifa ya mlo wakati sukari yake ingali mlangoni mwa ini.

Waliokaa benchi

Mwanzoni mwa karne ya 20, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alijiuliza kama hofu peke yake inatosha kuitoa sukari. Mwaka 1911, yeye na wenzake walieleza kwamba paka waliotishwa walianza kukojoa sukari. Kisha akawageukia binadamu. Mara tu baada ya mchezo wa mwisho na wa kusisimua zaidi wa msimu wa 1913, mkojo wa wachezaji 25 wa kikosi cha futiboli ya Kimarekani cha Harvard ulipimwa. Wachezaji 12 walikutwa na sukari. Watano kati yao walikuwa wachezaji wa akiba ambao hawakuitwa uwanjani hata kidogo.

Watano hao wanastahili kukumbukwa katika kila kliniki ya kisukari. Hawakukimbia na hawakupigana vikumbo. Walikaa benchi wakingoja kuitwa, na miili yao ikatoa sukari ya kazi ambayo haikuja. Mfumo wa neva haungoji misuli ianze kuhitaji ndipo uagize. Huagiza mapema kwa kukisia, na gharama ya kukisia vibaya ni sukari inayozagaa katika damu bila mtumiaji.

Hapo ndipo tofauti kati ya Asati na Temu inapoonekana. Mita 400 humalizika kwa sekunde 45 hivi, na katika muda huo misuli hutumia karibu yote kutoka katika akiba yake yenyewe. Sukari ya ini huchelewa kuwa na faida. Lakini amri ilishatumwa: moyo ulikwenda mbio tangu kwenye mstari, adrenalini ilipanda, na ini likafunguka. Ndiyo maana baada ya mbio fupi za nguvu zote sukari ya mkimbiaji hupanda badala ya kushuka, hata kama hajaonja kitu, kisha hurejea polepole. Katika mazoezi makali sana ini linaweza kutoa glukosi mara saba ya kiwango cha kupumzika, zaidi ya misuli inavyoweza kuitumia kwa wakati huo.

Katika mita 10,000 hesabu ni nyingine. Misuli huanza kunywa sukari ya damu kwa wingi, na ini sharti lilingane nayo dakika baada ya dakika. Mahali pa juu kama Mexico upungufu wa oksijeni huchochea zaidi mfumo wa simpathetiki, na misuli huegemea zaidi sukari kuliko mafuta, kwa sababu sukari hutoa nishati nyingi zaidi kwa kila chembe ya oksijeni. Mbio za nusu saa haziwezi kumaliza akiba ya ini lililoshiba. Marathoni zinaweza. Mwaka 1924 madaktari wa Boston walipima damu ya wakimbiaji waliomaliza marathoni ya jiji hilo, wakakuta baadhi yao sukari imeshuka mno. Hao walikuwa wamepauka, wamelegea na kuchanganyikiwa. Mwaka uliofuata wakimbiaji walipewa vyakula vya wanga kabla na peremende njiani, na hali ikawa nzuri zaidi. Amri ya ubongo haikuwa na kasoro mwaka 1924. Ghala lilikuwa tupu.

Ini lisilo na neva

Msomaji makini anaweza kuuliza: ni kazi kiasi gani hasa hufanywa na neva za ini, na kiasi gani na homoni? Upandikizaji wa ini umetoa jibu zuri. Daktari anapompa mgonjwa ini la mtu mwingine, hushona mishipa ya damu na mfereji wa nyongo, lakini neva hubaki zimekatwa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Denmaki waliwapandisha watu wa aina hiyo kwenye baiskeli za mazoezi na kupima sukari iliyotolewa na maini yao. Maini yalifanya kazi. Sukari iliongezeka kwa mazoezi, na damu haikupungukiwa.

Tokeo hilo halimbatilishi Bernard wala Shimazu. Linaonyesha kwamba mwili hauweki uhai wake mikononi mwa njia moja. Neva za ini zikikatwa, bado ubongo unalifikia kwa kupitia kongosho na adrenali, na glukagoni ikipanda huku insulini ikishuka huweza kubeba sehemu kubwa ya kazi. Neva za moja kwa moja huongeza haraka na usahihi, na huonekana zaidi katika dharura na katika mpangilio wa saa za siku. Watafiti wa Amsterdam walipokata neva za simpathetiki zinazokwenda kwenye ini la panya, mdundo wa kila siku wa sukari katika damu ulipotea. Kwa kawaida sukari ya panya hupanda kabla tu ya saa zake za kuamka, kwa amri ya saa ya ubongo iliyomo katika haipothalamasi. Bila neva hizo, ini halikujua kwamba saa za kuamka zinakaribia.

Binadamu pia ana saa hiyo. Kuelekea alfajiri kotisoli hupanda, mfumo wa simpathetiki huamka, na ini huongeza utoaji wa sukari ili mwili uinuke ukiwa tayari. Kwa asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini kidogo na kipimo hubaki vilevile. Kwa mwenye aina ya pili ya kisukari, ini lake huitii insulini kwa shida, nayo kongosho haiwezi kuziba pengo. Hapo mtu hulala na kipimo cha milimoli 7 kwa lita akaamka na 10, na hajala chochote katikati.

Maswali ya chumba cha daktari

Yeyote aliyewahi kuketi kwenye foleni ya kliniki ya kisukari katika Kisii au Nyamira anajua kinachofuata. Kipimo cha asubuhi kikiwa juu, swali la kwanza huwa: ulikula nini jana? Mgonjwa hutaja ugali, chai, ndizi. Huambiwa apunguze. Mwezi unaofuata hurudi amepungua uzito kwa kujinyima, kipimo bado kiko juu, na nyumbani anashukiwa kwamba anakula kwa siri. Watu wengi wema wamebebeshwa aibu hiyo bila kosa. Chakula kina uzito mkubwa katika kisukari na hakuna anayeweza kukipuuza, lakini kipimo cha kabla ya kula ni, kwa sehemu kubwa, taarifa ya ini na ya mfumo unaoliamuru.

Maumivu huliamuru. Homa huliamuru. Jeraha na upasuaji huliamuru kwa nguvu: kijana aliyevunjika mguu katika ajali ya bodaboda anaweza kupimwa akiwa na sukari ya 11 ingawa hana kisukari, kwa kuwa neva na homoni za dharura zimelifungua ini lake. Anahitaji kutibiwa, na akishapona anahitaji kupimwa upya, pamoja na kipimo cha A1c kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kabla ya kupewa jina la mgonjwa wa kudumu. Usingizi nao una sehemu yake. Uchunguzi uliofanyika Leiden, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba usiku mmoja tu wa kulala saa nne huwafanya watu wenye afya waitii insulini kwa udhaifu zaidi, na maini yao yatoe sukari zaidi. Mlinzi wa usiku na mama anayekesha na mtoto mgonjwa hawatatoa namba ileile na mtu aliyelala saa saba.

Upande wa sukari kushuka ni wa hatari zaidi, kwa sababu huua haraka. Kipimo kikishuka chini ya 3.9 na kuendelea kushuka, ubongo hutuma amri zake zote: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, njaa kali. Dalili hizo ni sauti ya neva zikiliita ini. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, glukagoni huacha kuitika baada ya miaka michache, na adrenalini hubaki kuwa tegemeo. Akishukiwa na sukari mara kwa mara, hata itikio hilo hufifia, na anaweza kupoteza fahamu bila onyo. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama propranololi, huficha mtetemeko na mapigo ya moyo. Jasho hubaki, kwa hiyo mgonjwa anayezitumia afundishwe kulitazama jasho.

Pombe huleta hatari ya namna nyingine. Mtu aliyekunywa chang'aa usiku kucha bila kula huwa amemaliza glikojeni, na wakati huohuo pombe huzuia ini lisitengeneze glukosi mpya. Ubongo huamuru na hakuna cha kutolewa. Majirani humdhania amelewa tu, wakamwacha alale, kumbe sukari yake imeshuka hadi kiwango cha kuua. Mtoto mwenye malaria kali hukumbwa na janga linalofanana na hilo, kwa kuwa akiba yake ni ndogo na ini lake limelemewa. Ndiyo maana miongozo ya tiba husisitiza apimwe sukari mapema. Naye anayefunga kwa maombi huku akitumia insulini au vidonge vya glibenklamidi yampasa azungumze na mhudumu wake kabla ya siku ya kufunga, kwa sababu dawa hizo hulizuia ini hata pale ubongo unapolisihi litoe.

Dawa inayolilenga ini lenyewe ipo, na ni ya bei nafuu. Metformini, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wa Ufaransa mwaka 1957 kwa kazi ya Jean Sterne, hupunguza sukari inayotolewa na ini, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Kenya. Katika maabara, watafiti wameanza kujaribu kuzizima neva zinazozunguka ateri ya ini. Kwa mbwa waliolishwa mafuta na fruktosi kwa wingi, kufanya hivyo kuliusaidia mwili kuidhibiti sukari vizuri zaidi. Njia hiyo haijawa tiba ya kawaida popote, na kliniki za Gusii hazina haja ya kuingoja.

Wanachoweza kufanya wahudumu tangu wiki hii ni kuongeza safu nne katika daftari la mgonjwa, karibu na ile ya kipimo na ile ya chakula: saa alizolala, maumivu au homa, kazi nzito aliyofanya, na jambo lililomsumbua, iwe msiba, karo au ugomvi. Mgonjwa azijaze kwa wiki mbili, naye apime kabla ya kulala na tena anapoamka, siku chache katika wiki hizo. Namba ikiwa juu tangu usiku, mazungumzo yaelekee mlo wa jioni na dawa. Ikiwa nzuri usiku na juu asubuhi, mazungumzo yaelekee ini: kipimo cha metformini na saa ya kuimeza, usingizi, na kama sukari haishuki katikati ya usiku, jambo ambalo huthibitishwa kwa kupima mara moja saa tisa usiku. Ikiruka siku za maumivu pekee, jino bovu au kidonda cha mguu kitibiwe kwanza kabla ya kuongeza vidonge. Na siku ya kliniki, mgonjwa aliyetembea kupanda vilima kwa haraka ili asipoteze nafasi kwenye foleni apewe dakika 15 za kuketi kabla ya kuchomwa kidole.